Faili la MIDI na Sauti Iliyorekodiwa: Mwongozo kwa Kwaya za Parokia na Vigango vya Mwanga

Katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu, Sacrosanctum Concilium, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani wanafundisha kwamba wimbo mtakatifu unaoambatana na maneno ni sehemu ya lazima ya Liturujia adhimu (namba 112), tena wanaagiza kwamba kwaya ziendelezwe kwa bidii (namba 114). Agizo hilo ni rahisi kulisoma. Kulitekeleza kunategemea mambo ya kawaida kabisa: nani parokiani anajua kusoma nota, nani anapiga kinanda, na wanakwaya wanapata wapi nafasi ya kujifunza sauti zao kabla ya Jumapili kufika.

Katika wilaya ya Mwanga, ndani ya Jimbo Katoliki la Same, hali si moja kila mahali. Wako waamini wa tambarare, kandokando ya barabara kuu ya kutoka Moshi kwenda Same, huko Kifaru, Kisangara, Mwanga mjini na Lembeni. Wako wa milimani, Usangi na Ugweno. Wako pia wanaoishi karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu na ziwa Jipe. Kwaya yenye kinanda na mpigaji wake hujifunza wimbo mpya kwa siku chache. Kwaya ya kigango isiyo na kinanda hutegemea koo la mwalimu mmoja, ambaye huwaimbia watu wa sauti ya kwanza, kisha wa pili, wa tatu na wa nne, mpaka sauti yake mwenyewe ikakauka. Akiwa mwanamume, hulazimika kuwaimbia akina mama sauti yao oktava moja chini, nao huitafuta juu kwa kukisia. Mwanakwaya akikosa mazoezi ya Alhamisi kwa sababu ya mvua, shamba au biashara, Jumapili hana alichobeba.

Wakati huohuo, nota zenyewe zimekuwa rahisi kupatikana kuliko zamani. Tovuti ya Swahili Music Notes, kwa mfano, imehifadhi nota za nyimbo nyingi za Kikatoliki za Kiswahili, na nyimbo nyingi zimeambatanishwa na faili la MIDI pamoja na lile la PDF. Watunzi nao hutumiana mafaili kama hayo. Lakini mwanakwaya anayelipokea faili la MIDI kwenye simu mara nyingi huliona limefika kama waraka usiofunguka, au likifunguka hutoa mlio mwembamba usioonyesha ipi ni sauti yake. Hivyo hazina iliyo mkononi haimfai kitu.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: faili la MIDI ni nini, namna ya kuligeuza kuwa sauti iliyorekodiwa kwa kutumia kompyuta ya nyumbani bila gharama ya programu, na mahali ambapo sauti hiyo inafaa kutumika na pale isipofaa.

Faili la MIDI si sauti

MIDI ni lugha ya kompyuta na vinanda vya umeme. Mwaka 1983 makampuni yaliyokuwa yakishindana yalikubaliana kutumia lugha hiyo moja, ili kinanda cha kampuni moja kiweze kuamrisha kinanda cha kampuni nyingine. Waanzilishi wake wakuu walikuwa Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwasisi wa kampuni ya Roland. Mwezi Januari mwaka huo, katika maonyesho ya ala za muziki nchini Marekani, vinanda viwili vya makampuni tofauti viliunganishwa kwa waya, na kimoja kilipopigwa, kingine kikaitika.

Kilichopita katika waya ule hakikuwa sauti. Yalikuwa maagizo yaliyoandikwa kwa namba. Kila nota ina namba yake kuanzia 0 hadi 127, na do ya kati ya kinanda, ile inayoandikwa C, ni namba 60. Nguvu ya kubonyeza nayo hupimwa hadi 127. Faili la MIDI, basi, ni orodha ya maagizo: bonyeza namba 60 kwa nguvu 80, iachie baada ya muda fulani, bonyeza namba 64, na kadhalika. Maagizo hayo hupita katika njia 16, hivyo sauti ya kwanza inaweza kupewa njia yake, ya pili njia yake, na ala nyingine vivyo hivyo.

Kwa mfano ulio karibu nasi, faili la MIDI ni kama karatasi ya nota. Karatasi hiyo haina sauti ndani yake, inamngoja mwimbaji. Kwaya mbili zikipewa karatasi moja zitaimba wimbo uleule, lakini kila moja kwa sauti yake. Ndivyo ilivyo kwa MIDI: kompyuta yako, simu ya jirani na kinanda cha parokia vitacheza nota zilezile, kila kimoja kwa sauti kilizo nazo.

Mwaka 1991 ulitolewa utaratibu wa pamoja unaozipa namba ala 128, ili faili lililoandikwa kwa kinanda kikubwa cha kanisa lisije likasikika mahali pengine kama tarumbeta. Katika orodha hiyo kinanda cha kanisa ni namba 20, kwaya inayoimba "aa" ni namba 53, na kalimba yetu ya Kiafrika imepewa namba 109. Njia ya 10 imetengwa kwa ngoma na vyombo vingine vya kupigwa. Utaratibu huo unaeleza ni ala gani ipigwe. Hauelezi ala hiyo iwe nzuri kiasi gani. Kwa sababu hiyo wimbo uliosikika vibaya katika kompyuta moja unaweza kusikika kwa heshima katika nyingine, ingawa faili ni lilelile.

Jambo hili likieleweka, makosa mawili yanayowapotezea watu muda huepukwa. La kwanza ni kubadili jina la faili. Kufuta herufi za mwisho "mid" na kuandika "mp3" hakugeuzi chochote, kwa kuwa yaliyomo ndani ni maagizo yaleyale. La pili ni kudhani kwamba kila programu ya kurekodi hufanya kazi hii. Audacity, programu nzuri na ya bure ya kuhariri sauti, inaweza kufungua faili la MIDI na kukuonyesha nota zake, lakini haiwezi kulitoa likiwa sauti. Ili kupata sauti, lazima kwanza awepo wa kuyasoma maagizo na kuyapiga.

Vinavyohitajika

Vitu vitatu vinatosha: kompyuta ya kawaida, programu ya kusoma nota, na hazina ya sauti.

Programu inayofaa zaidi kwa kwaya ni MuseScore. Ni ya bure kihalali. Hakuna haja ya kutafuta nakala zilizovunjwa kufuli, ambazo mara nyingi huja na virusi. Toleo la 4, lililotoka Desemba 2022, lina sauti nzuri zaidi lakini linataka kompyuta yenye nguvu kiasi na Windows 10 au ya baadaye. Mwenye kompyuta ya zamani atumie toleo la 3, ambalo linatosha kabisa kwa kazi hii. Programu hupakuliwa mara moja tu, na baada ya hapo hufanya kazi bila intaneti. Jambo hili ni msaada kwa yule anayehesabu bando lake, au anayeishi mahali ambapo mtandao huja na kutoweka.

Hazina ya sauti ni faili lenye sampuli za sauti halisi za ala, zilizorekodiwa nota kwa nota. Mafundi huiita saundifonti, na jina la faili huishia kwa herufi SF2. MuseScore huja na hazina yake, nayo yatosha kwa kuanzia. Anayetaka nyingine anaweza kupata bure GeneralUser GS, yenye ukubwa wa takribani MB 30, au FluidR3, inayozidi MB 140. Katika toleo la 4, faili hilo huwekwa ndani ya folda iitwayo SoundFonts, iliyo katika folda ya MuseScore4 kwenye Documents, kisha huchaguliwa ndani ya programu.

Hatua kwa hatua

Kwanza, fungua faili la MIDI ndani ya MuseScore kama unavyofungua waraka wowote. Programu itayageuza maagizo kuwa nota zinazosomeka. Kabla ya kuendelea, linganisha na nota za PDF za mtunzi. Ikiwa faili liliandaliwa kutoka programu ya kuandikia nota, litafunguka likiwa safi. Ikiwa lilitokana na mtu aliyepiga kinanda kwa mkono, programu italazimika kukisia urefu wa kila nota, na matokeo yanaweza kuwa ya ajabu. Kwa faili la aina hiyo tumia njia ya pili iliyoelezwa hapa chini. Usiruke hatua hii ya kulinganisha. Kosa moja la nusu toni likirekodiwa na kusambazwa, kwaya nzima itajifunza kosa, na kuling'oa baadaye ni kazi kubwa kuliko kulizuia mapema.

Pili, tenganisha sauti. Nyimbo nyingi za kwaya huandikwa katika safu mbili za mistari mitano: sauti ya kwanza na ya pili juu, ya tatu na ya nne chini. Ili kila sauti isikike peke yake, inahitaji safu yake. Ongeza safu tupu, chagua nota zote za safu iliyounganika, kisha katika orodha ya Tools chagua Explode. Nota za juu zitabaki mahali pake, na za chini zitashuka kwenye safu mpya. Kagua tena, hasa pale ambapo sauti mbili zinakutana kwenye nota moja.

Tatu, chagua ala. Wengi huvutiwa na sauti ya kwaya inayoimba "aa" kwa kuwa inafanana na watu. Kwa kujifunzia haifai sana, kwa sababu sauti hiyo huingia polepole, na sikio halipati mwanzo wa nota kwa uhakika. Piano huonyesha mwanzo wa kila nota waziwazi. Kinanda cha kanisa huonyesha urefu wake, maana hakififii mpaka nota iishe. Mpangilio mzuri ni kuipa piano sauti inayofundishwa, na kinanda zile nyingine.

Nne, rekebisha mwendo na ufunguo. Hapa MIDI ina faida kubwa. Ukipunguza kasi ya mkanda wa zamani, sauti hushuka na kuwa nzito. Faili la MIDI ni maagizo, kwa hiyo unaweza kupunguza mwendo upendavyo, na sauti ikabaki katika kimo chake. Andaa toleo la polepole kwa wiki ya kwanza na la mwendo halisi kwa wiki ya pili. Kama wimbo uko juu mno kwa kwaya yako, ushushe kwa amri ya Transpose kabla ya kurekodi, na uwaarifu wote, hasa mpiga kinanda.

Tano, panga uwiano wa sauti. Bonyeza F10 ili kufungua ubao wa kuchanganyia sauti. Kwa kila sauti andaa toleo ambalo hiyo inasikika kwa nguvu, na nyingine tatu zinasikika chini yake. Si vema kuzinyamazisha kabisa zile nyingine, isipokuwa katika siku za mwanzo. Mtu aliyejifunza sauti ya pili peke yake chumbani huweza kuimba vizuri sana mpaka sauti ya kwanza iingie, ndipo akapotea. Mwanakwaya azoee kushika njia yake huku akiwasikia wenzake. Kwa wanaotumia visikilizio vya masikioni, unaweza kuielekeza sauti yake kwenye sikio la kushoto na nyingine kwenye la kulia.

Sita, weka mahali pa kuanzia. Ongeza kipimo kimoja mwanzoni chenye do, mi na so za ufunguo wa wimbo, kisha mapigo matupu. Wanakwaya wanaosoma kwa sol-fa watajua do iko wapi, na hakuna atakayeshtukizwa na nota ya kwanza.

Saba, toa sauti. Katika orodha ya File chagua Export, kisha chagua WAV au MP3. WAV huhifadhi sauti yote bila kupunguza kitu. Kwa kipimo kinachotumika kwenye sidii, yaani sampuli 44,100 kwa kila sekunde, wimbo wa dakika nne huchukua takribani MB 42. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huacha yale ambayo sikio halitayakosa sana, na wimbo huohuo ukawa na MB 4 hivi. Faili la MIDI lililozaa sauti hizo huwa kwa kawaida halifiki hata KB 100. Hifadhi WAV kwenye kompyuta kama nakala ya msingi. MP3 ndiyo uitume kwa simu, kwa flashi au kwa memori kadi. Kwa wimbo mmoja, matoleo manne ya sauti nne na moja la sauti zote pamoja yatachukua takribani MB 20, mzigo unaobebeka.

Nane, sikiliza toleo lote mpaka mwisho kwa spika na kwa simu ya kawaida, kabla ya kulituma kwa yeyote. Sauti ya nne yaweza kusikika vizuri kwenye spika kubwa na kutoweka kabisa kwenye simu ndogo. Ikitokea hivyo, ipandishe sauti hiyo na utoe upya. Kisha lipe faili jina linaloeleweka: jina la wimbo, mtunzi, sauti, ufunguo na mwendo.

Njia ya pili kwa mafaili mengi

Mwalimu mwenye mafaili thelathini hatataka kuyafungua moja moja. Kwa kazi hiyo ipo FluidSynth, programu ya bure isiyo na madirisha wala picha. Huamrishwa kwa kuandika mstari mmoja. Ukiwa na hazina iitwayo hazina.sf2 na wimbo uitwao wimbo.mid katika folda moja, amri ni hii:

fluidsynth -ni -F wimbo.wav -r 44100 hazina.sf2 wimbo.mid

Kwa muda mfupi utapata faili la WAV. Programu hii hufuata maagizo kama yalivyo, pamoja na nguvu ya kila mguso, ambayo MuseScore huweza kuipoteza inapogeuza faili kuwa nota. Kwa sababu hiyo inafaa kwa mafaili yaliyopigwa kwa mkono. Haitakusaidia kutenganisha sauti au kuongeza kipimo cha mwanzo. Kuigeuza WAV kuwa MP3 unaweza kutumia Audacity, kwa maana sasa ni sauti kamili.

Mashine haijui maneno

Sauti iliyotoka kwenye kompyuta inafundisha kimo na urefu wa nota. Kuna mengi isiyoyafundisha. Haitamki maneno: hata kama mashairi yameandikwa ndani ya faili la MIDI, kompyuta huyaonyesha tu, haiyaimbi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi mwema hujitahidi mkazo huo ukutane na pigo lenye nguvu. Mashine haina habari ya hayo. Haivuti pumzi, kwa hiyo haikuonyeshi mahali pa kupumua. Haijui kwamba neno "huruma" katika zaburi ya toba haliimbwi kama neno "shangilieni" la usiku wa Pasaka.

Vilevile ngoma. Orodha ya vyombo vya kupigwa katika MIDI ina bongo, konga, agogo na kayamba za Amerika ya Kusini, lakini haina ngoma zetu wala namna zetu za kuzipiga. Mwaka uleule wa 1963 ambapo Mababa wa Mtaguso waliagiza, katika namba 119, kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima unayostahili, Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu na muziki wa Kibantu. Kazi ya namna hiyo inatukumbusha kwamba wimbo wetu una mizizi katika lugha na mapigo ya watu wetu. Mwalimu anayewaachia wanakwaya wake spika ya simu pekee, baada ya muda atapata kwaya inayoimba sawasawa na kompyuta: bila kosa la nota, na bila uhai.

Kwa hiyo sauti hizi zipunguze kazi ya kukariri nota, ili muda wa mazoezi ya pamoja utumike kwa matamshi, pumzi, maana ya maneno na sala. Mwalimu aliyekuwa akitumia saa mbili kufundisha nota sasa anazo saa mbili za kufundisha kuimba.

Mazoezini inafaa, katika adhimisho haifai

Kwa kuwa sauti imepatikana kwa urahisi, huja kishawishi. Mpiga kinanda hayupo, flashi ipo, kwa nini kinanda kisijipige chenyewe wakati wa Misa, au spika zisitoe wimbo uliokwisha kurekodiwa?

Swali hili Kanisa lilikwisha kulijibu kabla MIDI haijazaliwa. Maelekezo juu ya muziki mtakatifu na Liturujia, De musica sacra, yaliyotolewa na Idara ya Ibada tarehe 3 Septemba 1958, katika namba 71 yanakataza kabisa matumizi ya ala na mashine zinazojiendesha katika matendo ya kiliturujia. Yanataja kinanda kinachojipiga, gramafoni, redio na mashine za kurekodi. Nayo yanakataza hata kama nia ni kutegemeza tu uimbaji wa kwaya au wa waamini. Lakini maelekezo hayohayo yanaruhusu mashine hizo zitumike nje ya ibada, hata ndani ya kanisa, kuwafundisha waamini nyimbo. Mstari uliochorwa mwaka 1958 unapita hasa mahali tulipo leo: kwa kujifunza, ndiyo, badala ya sauti ya watu wanaosali, hapana.

Miaka kumi na mitano baadaye, Mwongozo wa Misa kwa ajili ya Watoto wa tarehe 1 Novemba 1973 uliacha nafasi ndogo, katika namba 32, kwa muziki uliorekodiwa katika Misa hizo, pale tu Baraza la Maaskofu linaporuhusu na kwa kanuni litakazoweka. Upungufu huo wa nafasi unaonyesha kwamba kanuni ya jumla ni nyingine.

Sababu yake si chuki dhidi ya mitambo. Liturujia ni tendo la Kristo na la Taifa lake lililokusanyika hapo, siku hiyo. Sifa hutolewa na watu walio hai, na mashine haiwezi kumsifu Mungu kwa niaba yao. Waamini ishirini wa kigango cha mlimani, wakiimba bila kinanda zaburi waliyojifunza kwa simu zao, wanatenda jambo ambalo spika kubwa ya mjini haiwezi kulitenda. Penye shaka, mwalimu wa kwaya amwone paroko wake.

Jasho la mtunzi

Faili la MIDI ni kazi ya mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi za muziki, na kugeuza wimbo kutoka MIDI hadi MP3 hakumfanyi aliyeugeuza kuwa mwenye wimbo. Mtunzi aliyeweka nota zake wazi ili kwaya zijifunze ametoa ruhusa ya kujifunza. Kuuza sauti hizo, au kuzipandisha kwenye YouTube, kunahitaji ruhusa yake nyingine. Jina la mtunzi libaki kwenye kila faili, na palipo na shaka aulizwe; wengi wao huandika namba zao za simu juu ya nota.

Watunzi nao wanalo la kujifunza. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kusitisha uendelezaji wa Finale, programu ya kuandikia nota iliyodumu kwa miaka 35. Mwenye nyimbo zilizohifadhiwa kwa Finale pekee atafika siku ambapo kompyuta mpya haitazifungua tena. Wakati programu ingali inafanya kazi, kila wimbo utolewe katika namna nne: PDF kwa macho, MusicXML kwa programu nyingine za nota, MIDI kwa kinanda na kompyuta, na MP3 kwa sikio. Ikiwezekana, wimbo huo uimbwe na watu na kurekodiwa kwa simu, ili matamshi na mwendo aliokusudia mtunzi visipotee. Nakala moja ibaki kwa mtunzi, nyingine ofisini parokiani. Kompyuta huharibika, na flashi hupotea.

Pa kuanzia

Kwaya inayotaka kuanza isianze na nyimbo ishirini. Ichague wimbo mmoja, labda kiitikizano cha zaburi ya Jumapili ijayo, ambacho ni kifupi na kinamhusu kila mwamini. Kijana mmoja mwenye kompyuta aandae sauti nne. Mwalimu azikague nota kwa nota. Wanakwaya wazipokee siku ya Jumatatu. Wasio na simu janja wasisahaulike: memori kadi ndani ya redio ndogo ya jumuiya inaweza kuwasaidia watu kumi kwa jioni moja. Wakikutana Alhamisi, mwalimu aizime spika, apige kelele ya do kwa koo lake, na awasikilize. Hapo ndipo itakapojulikana kama kazi imefaa.

Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 22 Novemba, aziombee kwaya zetu za milimani na za tambarare.